Mafunzo ya kutoa msaada nje ya nchi yaanzie Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo vijana wengi wa mkoa wetu huniuliza tangu nilipostaafu uuguzi, nalo ni namna ya kupata mafunzo ya kwenda kutoa msaada katika nchi zilizokumbwa na maafa. Wengi wao wamefanya kazi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, au walikuwa Mtendeli kabla haijafungwa mwaka 2021: mafundi wa maji, wahamasishaji wa afya, wakalimani, madereva, na wale wanaopima watoto mkono kwa utepe ili kumtambua mwenye utapiamlo mkali. Mikataba yao ikiisha hurudi shambani au kwenye bodaboda, na ujuzi uliogharimu fedha nyingi unapotea bila yeyote kuwaorodhesha.

Wanajeshi wetu wana kituo cha mafunzo ya ulinzi wa amani pale Kunduchi, Dar es Salaam. Raia hana mlango ulio wazi kiasi hicho. Malawi ilipopigwa na kimbunga Freddy mwezi Machi 2023, Tanzania ilipeleka chakula, mahema, mablanketi na helikopta, jambo lililotuletea heshima. Lakini hema likishashushwa linahitaji mtu anayejua lisimikwe wapi, maji ya mvua yatapita upande gani, na choo kiwe umbali gani kutoka hapo.

Nasisitiza choo kwa makusudi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, ambacho wakati ule kilifikika kwa chombo cha majini tu. Kwa kuwa hapakuwa na gati, meli ya MV Liemba ilitia nanga mbali na ufuko, na watu wakapelekwa melini kwa mitumbwi. Kabla hawajamalizika kuvushwa, kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia, kwa sababu umati ule ulikunywa maji ya ziwa lile lile lililopokea uchafu wake.

Sasa itazame Haiti. Baada ya tetemeko la Januari 12, 2010, dunia nzima ilikimbilia huko, wakiwamo waganga waliofika bila dawa za kutosha, bila mahali pa kulala na bila kujua wajisajili kwa nani. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kikazuka kutokana na majitaka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na watu wanaokaribia 10,000 wakafa. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti mwezi Desemba 2016. Kwa hiyo mimi ningependa somo la kwanza kwa kila anayetaka kwenda nje liwe usafi wa kambi yake mwenyewe, kabla ya kamba, machela na picha za helikopta ambazo ndizo huwavuta vijana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoa msaada anapaswa kufika na jembe lake siku ya kwanza, pamoja na chakula chake, maji yake na mafuta ya gari lake. Ndivyo inavyotaka INSARAG, yaani mtandao wa timu za utafutaji na uokoaji ulioanzishwa mwaka 1991 chini ya Umoja wa Mataifa: timu ya daraja la juu iweze kufanya kazi saa 24 katika maeneo mawili kwa siku 10 bila kumtegemea mwenyeji. Viko pia viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinavyotumika sana katika kambi: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Kijana aliyesimamia bomba Nyarugusu anavijua kwa vitendo. Asichokuwa nacho ni cheti, na uzoefu wa kufanya kazi chini ya serikali ya nchi nyingine, ambako kazi yake ni kupokea maelekezo.

Wapo watakaosema tunayo maafa yetu, wakitaja maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023 na ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Ni kweli, lakini timu iliyofunzwa kwa kiwango cha kimataifa ndiyo hiyo hiyo itakayoitwa kwanza hapa nyumbani.

Tena majirani zetu hawako mbali. Uvira, mashariki mwa Kongo, ilipokumbwa na mafuriko Aprili 2020, walioathirika walikuwa watu wa ziwa hili hili wanaozungumza Kiswahili, kama wanavyokizungumza wa Kalemie na Goma, ilhali wageni wengi waendao huko hulazimika kuajiri mkalimani.

Ninachoomba kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kushirikiana na mkoa na Msalaba Mwekundu, si jengo jipya. Iandaliwe orodha ya waliofanya kazi kambini na ujuzi wa kila mmoja, kisha kila mwaka yafanyike hapa Kigoma mafunzo kwa Kiswahili, yakiwa na zoezi la kuishi porini kwa siku 10 kwa vifaa walivyobeba wenyewe. Wakati huo ukisubiriwa, vijana wasitoe fedha kwa mawakala wanaowaahidi safari. Kozi ya usalama ya BSAFE ya Umoja wa Mataifa ni bure mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Mwanga, Kigoma