Ziache ekseli za Range Rover

Igogo, Mwanza

Mpendwa Baba Koku,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, Mama Kulwa anawasalimu wote hapo nyumbani, na pole sana kwa kulala njiani baada ya kukatika ile hafu shafti, fito ya ndani ya ekseli inayozungusha tairi.

Umeniuliza kama uchukue zile ekseli mbili za Range Rover ya zamani unazouziwa hapo Bukoba. Ndugu yangu, ziache. Najua bei inavutia, na najua umechoka kubadilisha hafu shafti. Lakini hiyo Land Rover 88, Series III fupi ya marehemu mzee, ni gari la kutunzwa, na ekseli hizo zitaliharibu.

Kitakachokudanganya ni rimu. Utachukua rimu yako, utaijaribisha kwenye habu ya Range Rover, matundu yote matano yataingia, nawe utasema basi, zinafanana. Hazifanani. Kwenye Series III yako, kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia ni inchi 51.5. Range Rover zile zilizoanza kutoka mwaka 1970 zina inchi 58.5. Maana yake kila tairi litatoka nje inchi tatu na nusu zaidi, lipite bodi, na ukikata kona litakwaruza. Halafu ekseli hizo zilitengenezwa kukaa kwenye springi za koili, zako ni springi za majani. Itabidi ukate mabano yake yote na kuchomelea vikalio vipya vya kukalia springi, mbele na nyuma.

Hata ukiyamaliza hayo, bado kuna difu, gia za katikati ya ekseli. Difu yako ni 4.7, yaani propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye ekseli, inazunguka mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ya Range Rover ni 3.54. Wenye gari la kukimbia kwenye lami huitafuta kwa hamu, kwa sababu injini inatulia. Lakini nguvu inayofika kwenye tairi inapungua karibu robo katika kila gia. Injini yako ni ile ya petroli ya cc 2,286, na hata ilipokuwa mpya haikuwa na nguvu ya kugawa. Ukiwa na ndizi nyuma na kilima mbele utaishia gia ya pili ulipozoea kupanda na ya tatu. Na spidimita itakudanganya: ikisoma 60 wewe unakwenda 80, kwa kuwa inahesabu mizunguko ya transfa, ile boksi inayogawa nguvu kwa propela za mbele na nyuma, haijui kilichobadilika kwenye difu.

Akitokea mtu akakushauri ufunge ya nyuma tu na kuiacha ya mbele, usimsikilize kabisa. Ukiingiza fowili, tairi zote nne zivute, ekseli moja itataka kwenda mbio na nyingine itaikatalia, na zinazoumia hapo ni propela, giaboksi na hizo hafu shafti unazozililia.

Unachohitaji ni ekseli ya nyuma ya Land Rover 109, ile ndefu kuliko yako, ekseli ya aina ya Salisbury. Upana wake ni uleule wa inchi 51.5 na difu yake ni 4.7, kwa hiyo ya mbele huigusi na fowili inabaki salama. Kuitambua si kazi: lala chini ya gari uitazame kwa nyuma. Ekseli yako ina mgongo laini wa mviringo. Salisbury ina kitovu kinene cha chuma cha kumimina, na nyuma yake kifuniko kilichofungwa kwa boliti kuzunguka pande zote. Hafu shafti zake ni nene. Zako zina meno 10 upande wa difu, na hapo ndipo zinapokatika. Hebu kitoe kile kipande kilichobaki ukitazame kwenye mwanga. Utaona meno hayakunyooka tena, yamejisokota. Shafti inapofikia hapo ilikwisha kuchoka siku nyingi. Sasa chomoa na ya upande wa pili. Ukikuta imeanza kujisokota, usiirudishe.

Ya kwangu tuliifunga mwaka jana kwa mzee mmoja mwenye gereji kule Mabatini, mtu wa pole pole, na nakuomba fundi wako naye asiharakishwe. Kazi yote ipo kwenye vikalio vya springi. Kwanza pimeni umbali wa kikalio hadi kikalio kwenye ekseli zote mbili, msikadirie kwa macho. Pale visipolingana na springi zako, vikatwe kwa grenda na kupangwa upya, na tundu la katikati lipokee kichwa cha boliti ya springi bila kulazimishwa. Kabla ya kuchomelea, vishikizeni kwa nukta tu, mshushe gari likae kwa uzito wake, kisha mweke pima maji kwenye flenji ya difu na kwenye flenji ya transfa. Flenji hizo mbili lazima ziwe sambamba. Mzee wangu aliingia uvunguni akapima, akatoka, akagonga kidogo kwa nyundo, akarudi kupima tena, jua likazama tukiwa hapo hapo. Hakuna aliyemhimiza. Pembe ikikosewa, gari linatetemeka na krosi, viungo vya ncha za propela, zinakwisha kabla hujafika popote.

Kuchomelea kwenyewe kuwe kwa vipande vifupi, huku kidogo na kule kidogo, bomba likipoa katikati. Likipata joto mfululizo linapinda, na ukishapinda bomba la ekseli umenunua chuma chakavu. Mwisho pimeni kutoka kwenye ekseli hadi tundu moja la chesisi, kushoto na kulia, mhakikishe gari halitakwenda kimshazari.

Pua ya Salisbury ni ndefu, hivyo propela ya nyuma itakatwa. Kipimo chake kichukuliwe gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, flenji hadi flenji. Akishaikata fundi wa kuchonga vyuma, aibalansi. Yuboluti, zile boliti za umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi, ziwe mpya, za kulingana na unene wa bomba.

Breki zisikupite. Drumu za 109 ni inchi 11, zako ni 10. Nyuma ikishika kuliko mbele, kwenye tope la kwenu gari litageuka mkia. Mimi nilitafuta na za mbele za inchi 11, nikabadilisha zote pamoja na masta silinda. Ni gharama, lakini hapo sikubana matumizi.

Tena wewe una tabia ya kuingiza gari ziwani pale mwaloni. Ekseli iliyotoka safari ina moto. Ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inajikusanya na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Baada ya muda ukifungulia oili inatoka kama chai ya maziwa. Funga mpira kwenye kipumulio, kile kitundu cha hewa cha ekseli, na uupandishe hadi juu ya bodi. Oili ni EP90, na Salisbury inakula lita 2.5, zaidi ya ile uliyozoea.

Huku nimeona Salisbury moja Igoma, ipo chini ya 109 iliyokwisha bodi. Mwenyewe amekubali nifungue kifuniko cha nyuma nikague meno ya kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu, kabla ya kutoa hela. Nikiridhika nitaipakia kwenye MV Victoria, uipokee hapo bandarini. Wewe nitumie kipimo cha vikalio vyako na cha propela, milimita kamili, na picha ya hicho kipande cha shafti. Na yule muuzaji mwambie mapema hutachukua, asije akamkosa mteja mwingine kwa kukusubiri wewe.

Msalimie sana Mama Koku.

Ndugu yako,
Baba Kulwa