Kabla hujalipia jarida

Habari za jioni wanakikundi. Naona barua pepe za majarida ya kitaaluma yanayoahidi "tutachapisha makala yako ndani ya siku tano" zinapostiwa sana humu. Jarida linalokuhakikishia nafasi kabla ya wahakiki kuisoma makala halina uhakiki. Usitume hela.

Fanya hivi: chukua ISSN, ile namba ya tarakimu 8 inayotambulisha jarida, uitafute kwenye tovuti ya ISSN yenyewe. Kisha linganisha jina, mchapishaji na anwani ya tovuti, herufi kwa herufi. Siku hizi matapeli huiga jarida halali kabisa: jina lile lile, ISSN ile ile, tovuti tu ndiyo tofauti. Hapo ndipo hata wazoefu wananaswa. Nembo ya Scopus (hifadhidata ya majarida ya kitaaluma) iliyobandikwa kwenye ukurasa si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuibandika. Orodha ya majarida ya Scopus iko wazi, itazame mwenyewe. Jarida la ufikiaji huria (linalosomwa bure), litafute DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo.

Ada ya kuchapisha ikikushinda, omba usamehewe ada hiyo siku ya kuwasilisha makala. Wachapishaji wengi hawasikilizi ombi hilo makala ikishakubaliwa.

Kuhusu ChatGPT: ikikupa marejeo, fungua kila DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) kupitia doi.org. Marejeo ya kubuni huwa na mwandishi wa kweli na jarida la kweli, ila makala haipo, au DOI inafungua kitu kingine kabisa. Na msiiweke ChatGPT kama mwandishi mwenza, COPE (kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji) ilishakataa.

Mnaokwenda kukusanya data nyanjani Kenya: idhini ya kamati ya maadili kwanza, ndipo kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.