Kengele inayolia haimwamshi mtoto kiziwi

Ndugu Mhariri,

Mzazi wa mtoto kiziwi akiulizia kengele ya moshi dukani, aghalabu huuziwa ile ya kawaida, yenye mlio mwembamba wa takriban hezi 3,000. Itawaamsha majirani. Mtoto ataendelea kulala, kwa kuwa hata mwenye kifaa cha kusikia hukivua usiku.

Anachohitaji ni kengele ya darini inayotuma ishara bila waya hadi kwenye kipokezi kando ya kitanda, nacho kipokezi kiwe na kidude cha kutikisa. Wapo wanaoamini taa ya kumweka inatosha. Haitoshi. Aliyejifunika shuka gubigubi haioni, na majaribio ya usingizi yameonyesha kuwa mtikiso huamsha watu wengi kuliko mwanga. Kwa mtoto aliyebakiwa na usikivu kidogo, zipo kengele za mlio mzito wa hezi 520, ambao humwamsha kwa urahisi kuliko ule mwembamba.

Kidude kikae chini ya mto. Kukisukuma chini ya godoro nene ni kosa, maana sponji humeza mtikiso. Kijaribiwe saa nane za usiku mtoto akiwa amezama usingizini, si jioni akiwa ameketi kitandani anakusubiri. Kipokezi kiwe na betri ya akiba: umeme ukikatika ndipo mishumaa huwashwa.

Kengele yenyewe ifungwe katikati ya dari ya korido ya vyumba vya kulala, mbali na kona ambako hewa hutuama, na mita tatu au zaidi kutoka jikoni. Ikikaribia jiko, sato wa kukaanga watailiza kila jioni mpaka baba achomoe betri, na hapo mmebaki na pambo. Ijaribiwe kila mwezi, na ikitimiza miaka 10 ibadilishwe hata kama bado inalia. Kwa wanaolala na dumu la petroli ya mashine ya mtumbwi chumbani, kengele hii hutambua moshi, si mvuke wa petroli. Dumu lilale nje.

Asiyeweza kununua seti nzima anunue kengele ya kawaida, na amlaze mtoto chumba kimoja na ndugu anayesikia. Gizani na ndani ya moshi lugha ya alama haionekani, hivyo wakubaliane ishara ya kugusa: kumchora X kubwa mgongoni, maana yake moto, toka sasa. Ufunguo wa kufuli la geti uning'inie kwenye msumari mmoja usiobadilika, urefu anaoufikia mtoto, usifichwe chini ya mto wa mama. Zoezi lifanyike taa zikiwa zimezimwa, kwa kutambaa, hadi mahali pamoja pa kukutana nje. Akishatoka, mtu amshike mkono, kwani akirudi ndani kumtafuta mdogo wake hatasikia mkimwita.

Nyumba nyingi za milimani Igogo na Mabatini hazifikiwi na gari, kwa hiyo askari wa zimamoto watapanda kwa miguu na kuita mlangoni. Asipojibu mtu, huenda wakadhani chumba ni kitupu. Jirani anayepiga 114, namba ya zimamoto, aseme mapema: ndani kuna mtoto kiziwi, analala chumba fulani, hataitika. Na wakifika, awarudie maneno hayohayo.

Mafundi na walimu wa watoto viziwi,
Ilemela, Mwanza