Diski ya akiba ikae ndani ya seva, si dukani Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakurugenzi, wakuu wa taasisi na maafisa ununuzi wa mkoa wetu wa Kigoma kuhusu seva, yaani kompyuta kuu zinazotunza data za ofisi, wanazozinunua kwa fedha nyingi. Wengi wao wameaminishwa kwamba diski ya seva ikifa, fundi aliyeko Dar es Salaam ataingia kupitia mtandao na kuijenga upya safu nzima ya diski bila mtu yeyote kusafiri. Jambo hilo linawezekana kabisa, ila lina sharti ambalo mikataba niliyopata kuiona hailitaji: diski ya akiba iwe imekwisha kupachikwa ndani ya seva kabla hitilafu haijatokea.

Safu ya diski, ambayo mafundi huiita reidi, ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliotaka diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Walijua tangu mwanzo kwamba diski zikiwa nyingi, kufa kwa mojawapo ni jambo la kutarajiwa, na ndiyo maana safu hubeba taarifa za ziada zinazowezesha kukokotoa kilichopotea. Katika aina ya safu iitwayo reidi 5, taarifa hizo hufidia diski moja tu. Ikifa ya pili kabla ujenzi haujakamilika, data za safu yote zimepotea. Hatari yote, basi, imo katika muda ulio kati ya diski ya kwanza kufa na mbadala wake kujaa, na kwetu sisi tulio zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam, muda huo hurefushwa na safari ya kifurushi.

Nimelishuhudia hilo katika taasisi moja ya huduma. Fundi wa mbali aliiona hitilafu mapema na alikuwa hodari, lakini hakuwa na diski ya kujengea, ikabidi isafirishwe kwa basi huku seva ikiendelea kutumika bila kinga. Ilipofika, mtumishi aliyekuwepo aliambiwa kwa simu achomoe diski namba mbili. Programu ya fundi ilihesabu kuanzia sifuri, naye mtumishi akahesabu kuanzia moja, akachomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Safu ilisimama papo hapo, na ingawa fundi aliweza kuiinua tena baada ya diski ile kurudishwa, baadhi ya kumbukumbu za siku hiyo zilikutwa zimeharibika. Simlaumu mtumishi yule hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba diski hutambuliwa kwa namba iliyochapishwa kwenye lebo yake, wala kwamba seva nyingi zinaweza kuamriwa kutoka mbali ziwashe taa ya diski inayotakiwa kutolewa.

Ujenzi wenyewe hufanyika ndani ya seva, hivyo mtandao ukikatika kazi huendelea. Umeme ndio wa kuogopwa. Diski ya terabaiti 4 ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua takriban saa 11 kujaa, na watu wakiwa wanaitumia seva muda huo huweza kuongezeka maradufu. Safu iliyopungukiwa diski ikizimika ghafla katikati ya kuandika, mfumo unaweza kukataa kuiwasha bila fundi kuamua kwa hatari yake mwenyewe.

Tena katika saa hizo diski zilizobaki husomwa zote, mwanzo hadi mwisho. Watengenezaji wa diski nyingi za bei ya kawaida hutaja ukomo wa kosa moja la usomaji kwa kila terabaiti 12.5 hivi, na safu ya diski nne za terabaiti 4 hulazimika kusoma terabaiti 12 ili kuijaza moja. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ukomo huo, nakiri, lakini si busara kuweka kumbukumbu za wagonjwa au mapato ya halmashauri juu ya matumaini hayo. Kwa seva zenye diski kubwa ningependa reidi 6, inayovumilia vifo viwili, hata kama gharama yake ni diski moja zaidi.

Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1, naomba kila zabuni ya seva itaje diski ya akiba iliyopachikwa, betri inayoweza kuihimili seva hadi jenereta iwake, na nakala za data zinazotunzwa nje ya seva, kwa maana reidi haizuii faili kufutwa kimakosa wala moto kuunguza chumba. Pia mkataba umtake mzabuni amfundishe afisa TEHAMA wa kituo, mbele ya seva yenyewe, kusoma namba ya diski na kuirudia kwa fundi aliyeko kwenye simu kabla hajagusa chochote, na fundi naye asitoe ruhusa ya kuchomoa mpaka namba hiyo ilingane na ile anayoiona kwenye kompyuta yake.

Fundi wa kompyuta,
Mwanga, Kigoma