Mpwa wangu, weka kwanza tarumbeta chini

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umepewa tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, na kwamba wiki nzima unapuliza mpaka mashavu yanauma, lakini inatoka hewa tupu. Nakuandikia hapa hadharani maana najua wanaoanza kama wewe ni wengi.

Liweke chini. Fumba midomo kama unayetaka kutamka "m", kaza pembe zake, halafu sukuma pumzi ipenye katikati mpaka midomo itetemeke na kulia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Umeusikia huo mlio? Tarumbeta linaanzia hapo. Bomba linaupokea, linaukuza na kuunyoosha.

Wengi hudhani kinachotambulisha ala za ukoo wa tarumbeta ni shaba. Mwaka jana uliniuliza kuhusu saksafoni: mwili wake ni wa shaba, ndiyo, lakini kinachotetemeka pale ni kipande chembamba cha tete. Ukoo wake ni wa nzumari. Sasa zitazame siwa, zile ala kubwa za kupuliza kwenye sherehe, za kwetu pwani. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu, na zote zilipulizwa kupitia tundu la ubavuni, midomo ikitetemeka. Kwa hiyo ile ya Pate ni ndugu wa damu wa tarumbeta lako. Saksafoni sivyo, hata ing'ae namna gani.

Ukishapata mlio, chukua tarumbeta lakini usiguse pistoni, vile vitufe vya kubonyeza. Kaza midomo kidogo kidogo, usikie sauti inavyoruka: do, so, do ya juu, mi, so. Haitelezi, inaruka, kwa sababu bomba la urefu mmoja hukubali noti chache tu. Milio ya baragumu kwenye kambi za jeshi imetungwa kwa hizo hizo.

Pistoni zako tatu ni za kujaza mapengo. Kila moja hufungua njia ya ziada ili hewa izunguke mbali zaidi, na bomba likirefuka sauti hushuka: ya kati nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Wajerumani Stölzel na Blühmel walipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya vali za mwanzo zilizofanya kazi hii kule Berlin mwaka 1818. Tromboni hufanya kazi hiyo kwa bomba linaloteleza, unalolivuta kwa mkono, lenye vituo 7. Tarumbeta lako likinyooshwa ni karibu mita moja na nusu. Tuba kubwa hufika kama mita 5 na nusu, ndiyo maana besi ni yake.

Yale maji yanayotoka ukibonyeza kile kijiti usiyaonee aibu. Mengi yake si mate, ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya bomba. Yamwage mara kwa mara, la sivyo sauti itakoroma.

Ile pistoni ya tatu iliyokwama usiilazimishe. Jumamosi nakuja na mafuta yake.

Mjomba wako