Hisa chache za Navalny

Mhariri,

Alexei Navalny, mwanasiasa wa upinzani wa Urusi, anakumbukwa kwa sumu ya 2020 na kifo chake gerezani Februari 2024. Kazi yake ya makaratasi imesahaulika, nayo ndiyo yenye faida kwetu Tanga, bomba la mafuta likiishia Chongoleani. Alinunua hisa chache za kampuni za mafuta, gesi na mabomba za Urusi, Rosneft, Gazprom na Transneft, akadai kumbukumbu za vikao kwa haki ya mwanahisa. Akinyimwa, anakwenda mahakamani. Mwaka 2010 akaanika hati za ukaguzi wa bomba la Transneft.

Kwetu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 30. Andika, taja mkataba na mwaka. Ombi la jumla jumla hukwama. Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo utaambiwa barua haikufika.

Wasomaji wako,
Chumbageni, Tanga