Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Redio Katika Visiwa vya Ukerewe

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Nguvu nyingi za mwaka zimekwenda kwenye kazi moja, yaani kukusanya historia ya redio katika visiwa vya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Kamati iliamua kuianzia kwa msikilizaji, si studio. Mambo ya watangazaji wa Dar es Salaam yanafahamika. Namna sauti zao zilivyofika Nansio, Ukara na Irugwa, na kwa nini siku nyingine hazikufika, bado iko vichwani mwa mafundi redio na wavuvi wa zamani.

Tarehe kuu hazina ubishi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza Julai 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo masafa mafupi ndiyo yaliyokuwa na uwezo wa kufika. Wazee wetu wanaikumbuka sehemu ya 5050 kilohezi. Wimbi la masafa hayo hupanda, hugonga tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kisha hurudi ardhini. Mchana, jua hujenga tabaka jingine chini yake ambalo hulimeza wimbi, na usiku tabaka hilo hutoweka. Ndiyo maana redio iliyonong'ona saa saba mchana iliweza kusoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku na jirani akaisikia akiwa uani kwake.

Usiku, hata hivyo, ndio wakati wa ngurumo katika ziwa letu. Kila radi hutoa mkwaruzo unaoenea kwenye masafa mafupi na ya kati, na hakuna kitufe cha kuuondoa. Waya wa nje wa mita 15, uliofungwa juu ya paa na kwenye mti kwa vikombe vya kauri au vipande vya plastiki ngumu, huongeza nguvu ya kituo, lakini huongeza na mkwaruzo pia. Faida huja ukiongeza waya wa ardhini: nondo ya mita moja na nusu iliyopigiliwa penye udongo wenye unyevu. Wingu likianza kujikusanya, waya wa juu uchomolewe redioni na utupwe nje ya dirisha. Mafundi wanasema redio nyingi zilizoungua visiwani zilikufa kwa kupuuzwa hatua hiyo moja.

Mtambo wa masafa ya kati wa Mwanza ulileta sauti tulivu zaidi. Hapa lazima nirekebishe imani iliyojitokeza katika mahojiano mengi, kwamba ziwa "linabeba" mawimbi ya redio. Bahari hubeba, kwa sababu ya chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme mara mia kadhaa kuliko ya Ziwa Victoria, na kwa wimbi linalotambaa chini, ziwa letu halina tofauti kubwa na shamba lenye rutuba. Redio ilisikika vizuri kisiwani kwa sababu mtambo haukuwa mbali na mashine zenye kelele za umeme zilikuwa chache.

Matumizi yake mnayajua. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza, kusoma kijitabu, kujadili na kwenda kuchimba choo. Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978 kuhusu vita vya Kagera ilihusu ng'ambo ya ziwa hilihili. Kwa mtu wa kisiwani, hata hivyo, nadhani hakuna kipindi kilichozidi matangazo ya vifo. Aliyepitwa na tangazo alipitwa na chombo cha kuvuka, na aliyepitwa na chombo alipitwa na mazishi.

Kuhusu redio zenyewe, wanachama wanaotunza za zamani wasikilize kwa makini. Nyingi hutumia betri nne kubwa, yaani volti 6. Baadhi za miaka ya 1960 zina transista za jemaniamu, na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiiunganisha na betri ya sola kwa mazoea ya leo, ukagusisha hasi kwenye bodi, umeimaliza. Tazama mchoro ndani ya kifuniko kwanza. Springi zilizoliwa na maji ya betri zisuguliwe kwa pamba yenye siki, zifutwe kwa spiriti, zikaushwe, kisha ndipo zipigwe msasa laini. Sauti ikiwa dhaifu yenye mvumo, shuku kapasita za mkebe (vijikopo vya kutunza umeme kwenye bodi), maana ute wake hukauka. Badilisha kwa thamani ileile, volti iwe sawa au zaidi. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kwa kawaida kinahitaji tone la spiriti na kuzungushwa mara kadhaa tu.

Na lile la kuanika betri juani, kwamba huijaza umeme upya, lina ukweli mdogo. Joto huharakisha kemikali iliyobaki, redio ikaimba kwa muda, lakini hakuna umeme ulioingia. Gamba la zinki huendelea kuliwa, kisha huvuja.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. Radio Free Africa ya Mwanza ilitumia pia masafa ya kati, 1377 kilohezi, na mvuvi akaipata akiwa mbali ziwani. Kisha FM ikatawala. Sauti ni safi na radi haiisumbui, lakini haivuki sana upeo wa macho. Antena iliyo mita 30 juu ya maji humfikia mvuvi mwenye redio mita moja juu ya maji hadi kama kilomita 27. Ipandishe hadi mita 100, utapata kama 45. Nansio iko karibu kilomita 50 kutoka Mwanza. Ukara ni zaidi ya 70, tena nyuma ya kisiwa kikuu. Vituo vimeongezeka, lakini boti ya dagaa iliyo katikati ya maji imepungukiwa, na mvuvi aliyemo ndiye anayehitaji tahadhari ya upepo kuliko sisi tulioketi hapa.

Hata masafa ya kati yaliyobaki yanazimwa na taa. Karabai haikuwa na kelele za redio. Taa za LED na vidhibiti chaji vya bei nafuu hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mvumo wake hufunika kituo chote. Weka redio mita tatu kutoka kwenye taa na nyaya zake, itumie betri zake yenyewe, na uizungushe polepole mpaka mvumo upungue, kwa kuwa antena ya ndani ina upande wa uziwi. Kwenye simu ya kitochi, waya wa spika za masikioni ndio antena ya FM. Uning'inize wima, usiukunje mfukoni.

Kazi ya kunakili kaseti za zamani inakwenda taratibu kuliko tulivyopanga. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu, na kipande cha sponji kinachokandamiza utepe hubanduka. Kaseti yenye ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa, maana huchafua mashine na kaseti zinazofuata. Za dakika 60 zinastahimili. Za 120 zina utepe mwembamba mno, basi zichezwe mara moja tu, moja kwa moja kwenye kinasa. Tunahifadhi kidijitali kwa sampuli 48,000 za sauti kila sekunde (48 kilohezi), biti 24, chaneli moja (mono), ambapo saa moja huchukua karibu nusu gigabaiti, na kila faili huwekwa nakala mbili sehemu tofauti.

Mwaka ujao kamati inaomba idhini yenu kuandaa ramani ya usikivu kuanzia Rugezi hadi Ukara, pamoja na mialo na maeneo ya uvuvi. Kila atakayeshiriki ataandika masafa, saa, mahali, hali ya hewa, aina ya redio, kama kuna taa ya LED karibu, na alama kutoka 0 (hakuna kitu) hadi 5 (safi). Vipimo vichukuliwe mchana na usiku, siku za giza na za mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa gizani na hapo ndipo taa huwaka. Fomu zipo kwa katibu. Wenye kaseti wazilete zimefungwa kwenye mfuko mkavu, jina la mwenye nazo likiwa juu ya kasha, si juu ya utepe.